Mashahidi Wawili

Siku Oyoo alipoletwa nyumbani akiwa maiti, mashine zote za mtaa ule wa Igogo zilinyamaza. Mwenye mashine ya kusaga alivua mkanda akaweka kufuli. Fundi cherehani wa kona alifunika cherehani yake kwa kitenge. Redio ya dukani, ambayo haikupumzika tangu serikali iruhusu watu kufungua vituo vyao, ilizimwa katikati ya wimbo. Ndivyo watu wa pale walivyo. Msukuma, Mjaluo, Mjita na Mkerewe kila mmoja ana namna yake ya kuzika, lakini katika hili la kunyamazisha mashine walikubaliana bila kuitisha kikao.

Mashine moja tu iliendelea kuunguruma. Ilikuwa katika chumba cha mbele cha Elias, ukuta kwa ukuta na nyumba ya marehemu.

Ilikuwa kompyuta ya Chama cha Kuzikana Tusiachane. Chama hakikuwa na ofisi, na nyumba ya Elias ilikuwa na umeme, tena haina mtoto wa kuchezea vitufe. Kompyuta yenyewe waliachiwa na kijana mmoja wa Kidenmaki aliyekuja kujitolea kanisani. Ilitumia Linux, si Windows kama zile za mjini, na katika Mwanza nzima waliojua kuongea nayo unaweza kuwakusanya kwenye benchi moja. Elias alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameendesha mitambo ya kumbukumbu ya ushirika wa pamba mpaka ushirika ulipopunguza watu, na chama kilipompa kazi hii kwa posho ndogo alishukuru kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

Ndani ya kompyuta ile walikuwamo wanachama wote: nani ni nani, anamtegemea nani, alichangia misiba ipi. Mtu akifa, Elias alitoa orodha, na kwa orodha hiyo jeneza lilitengenezwa, lori lilikodiwa, sukari na unga vilinunuliwa. Usipokuwamo humo ndani, chama hakikuziki.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kila mtu mwenye kompyuta aliogopa mwaka elfu mbili. Kamati ilisikia redioni kwamba mitambo ya zamani itachanganyikiwa, ikamwagiza Elias aweke toleo jipya la ile programu inayotunza hifadhidata. Mdenmaki alilituma kwa posta. Tatizo ni kwamba toleo jipya halikuweza kusoma mafaili ya toleo la zamani. Ilibidi majina yote yatolewe nje, yawekwe kwenye faili moja refu, programu ya zamani ing'olewe, mpya isimikwe, ndipo majina yarudishwe ndani. Ni sawa na kuhamisha mpunga kutoka ghala bovu kwenda ghala jipya: kuna muda ambapo mpunga wote uko uani na mawingu yako juu.

Mpunga ulikuwa uani wakati gari la hospitali lilipopinda kona.

Elias aliinamia kioo. Majina yalikuwa yanaingia taratibu, na mara mtambo ukaanza kutema maonyo ya Kiingereza, mstari juu ya mstari, maneno asiyoyajua.

"Naenda mjini kumpigia Okech," alimwambia mkewe Evelina. Okech alikuwa mwenzake wa zamani wa ushirika, siku hizi yuko Dar kwenye kampuni ya kompyuta. "Mtu asiguse hapa."

Evelina alikuwa anafunga kanga kiunoni tayari kwenda kwa jirani. "Elias, wanamshusha Oyoo sasa hivi. Angalau simama getini."

"Nitarudi."

"Utarudi mwili ukiwa ndani."

"Nafanya kazi ya haohao wanaozika, Evelina. Bila mimi watazikana na nini?"

Alitokea mlango wa nyuma. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba Elias aliogopa misiba. Si maiti aliyoiogopa, ni watu: ule uwanja wa wanaume waliokaa kwenye magogo, wanaopisha mgeni bila kumwangalia, na yeye asijue aseme nini wala aiweke wapi mikono yake. Kazi ya orodha ilimpa sababu nzuri ya kubaki chumbani, na sababu nzuri mtu haichunguzi sana.

*

Kwenye kibanda cha simu cha Nyamagana alingoja zamu yake nyuma ya mfanyabiashara wa sangara aliyekuwa akigombana na mtu wa Nairobi. Alipompata Okech, simu ilikuwa inakula kadi haraka.

"Hayo maonyo hayana neno," Okech alisema. "Yaache yamalize. Nakala unayo?"

"Ninayo kwenye diski."

"Diski ipi?"

"Hiyohiyo ya mtambo. Nafasi ilikuwa ndogo, nikafuta mafaili ya zamani."

Okech alinyamaza kidogo, na ule ukimya nao ulilipiwa. "Na nje ya mtambo?"

"Nina vile vidiski vidogo nilivyonakili Pasaka."

"Basi rudi ukae hapo. Na huo umeme wenu wa Mwanza, omba Mungu."

Umeme siku ile haukukatika. Elias aliangalia nyaya njia nzima, akaona feni ya kinyozi inazunguka, akatembea kwa matumaini. Alipofungua mlango wa nyumba yake alikutana na ukimya. Kioo kilikuwa cheusi. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa ukutani na kuviringishwa vizuri juu ya meza, kama Evelina alivyoviringisha kila kitu.

Kutoka nyumba ya pili alisikia kilio cha Truphosa, mke wa Oyoo, na nyuma yake wanawake wakimpokea kwa sauti ya chini.

Evelina aliingia baadaye kuchukua sufuria kubwa. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viwikoni. Alimkuta mumewe amekaa, waya umelala mapajani.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Lakini walimweka Oyoo pale ukutani, Elias, upande huu, kwa ajili ya kivuli. Ukikaa karibu naye ulikuwa unaisikia hii kitu inaunguruma. Mama Justa akaniuliza mbele ya watu, 'Evelina, kwenu mnasaga nini maiti ikiwa uani?' Ningejibu nini?"

"Ungesema ni kompyuta ya chama."

"Nilisema. Akaniambia hata ingekuwa ya Rais." Aliinua sufuria. "Si utaiwasha tena?"

Evelina alimwangalia usoni, akaelewa kwamba alichokifanya si kuzima taa. Kisha akatoka, maana waombolezaji walikuwa hawajala.

*

Aliiwasha. Mtambo ulijikagua, ukauliza kama ufute vipande vilivyoharibika, maswali ambayo mtu mwenye wasiwasi hujibu ndiyo yote, na ulipomaliza lile faili refu halikuwapo. Kwenye ghala jipya yalikuwa yameingia majina machache, yamekatikia njiani. Akaleta vile vidiski vya Pasaka kutoka kwenye kopo la maziwa. Cha kwanza kikasomeka, cha pili kikasomeka, cha tatu kilikuwa na ukungu wa unyevu wa ziwa, kikakataa, na nakala ile ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo kimoja kikikataa vinavyofuata havina faida.

Msomaji atauliza vitabu vya zamani vilikuwa wapi, vile alivyoviandika katibu kwa mkono. Vilikuwa vimeuzwa. Kompyuta ilipofika kamati ilifurahi sana hata ikawauzia vitabu akina mama wa karanga, na kwa msimu mzima watu wa Igogo walikula karanga kutoka kwenye majina ya majirani zao.

Jioni Mzee Josephat, mwenyekiti wa chama na mwalimu mkuu mstaafu, alikuja kuchukua orodha. Elias alimwamkia shikamoo, akamweleza akiwa amesimama.

"Marahaba. Kwa hiyo hatujui nani amechangia na nani hajachangia?"

"Hatujui, Mzee."

"Na Oyoo lazima afike kwao Rorya." Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Nani alizima mtambo?"

Elias alisikia mkewe akiacha kuosha vyombo nyuma ya pazia.

"Umeme," alisema. "Ulikatika."

Mzee Josephat, ambaye alikuwa ametoka mjini kunyolewa kwa mashine ya umeme, alimtazama kwa huruma isiyopendeza. "Haya," akasema, akaenda kutandaza kanga kwenye msiba ili kila mtu aweke alichonacho. Lori lilipatikana. Wanaume wa mtaa walipanda nyuma na jeneza, Evelina akapanda na wanawake. Elias alibaki na vile vidiski, akivipuliza kimoja kimoja.

Katika chumba cha nyuma mama yake, Bibi Kija, alikuwa ameamka. Moyo ulikuwa umemchosha, miguu imevimba, na tangu aletwe kutoka Misungwi hakutoka nje isipokuwa kuota jua.

"Lori limeondoka?" aliuliza.

"Limeondoka, mama."

"Mbona nakusikia wewe?"

"Nina kazi."

Bibi Kija aliangalia dari. "Mimi nikiondoka, mwanangu, usinikodie watu. Nataka waje wanaokuja."

"Utapona, mama."

"Sikuuliza hilo."

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la kanisa baada ya wasafiri kurudi. Elias alieleza kuhusu toleo la zamani na toleo jipya, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kutazamana. Alipofika kwenye umeme uliokatika, Mama Justa, mzee wa wanawake wa chama, alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, umeme haukukatika. Mimi ndiye niliyemwambia Evelina azime. Na kama kuna kosa, niambieni hapa."

Watu waliguna, na mguno wenyewe ulikuwa wa kumuunga mkono. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mashine gani haijui msiba?" Wakacheka kidogo, kwa aibu, maana matanga yalikuwa hayajapoa. Elias alisimama mbele yao. Alikuwa amesema uongo kumfunika mkewe, na sasa ilionekana kwamba mkewe hakuhitaji kufunikwa. Aliyekuwa na kosa ni yeye, aliyeacha kitu kikiunguruma karibu na kichwa cha Oyoo.

"Yaliyopita yamepita," Mzee Josephat alisema. "Tunaandikishana upya. Lakini mtu yeyote wa Mwanza anaweza kuja na kusema mimi nilikuwa mwanachama na nililipa. Kuhusu pesa utadanganya. Kuhusu kuzika huwezi, kuna macho. Kwa hiyo kila mmoja alete mashahidi wawili waliomwona kwenye msiba wa chama, kwa macho yao, na waseme msiba wa nani. Mume na mke ni mdomo mmoja, hawashuhudiani. Asiye na mashahidi wawili ataanza upya kama mgeni, na mgeni tunamzika baada ya mwaka."

Wakapiga makofi. Ilikuwa sheria nzuri, na hata leo sioni pa kuilaumu. Elias akaagizwa aiweke ndani ya mtambo. Toleo la zamani lilikuwa linakubali mtu aache nafasi tupu. Hili jipya, Elias alilifunga kwa mkono wake mwenyewe: pasipo shahidi wa kwanza na wa pili, jina halihifadhiwi.

*

Watu walikuja. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, wakajaa hadi kibarazani, na chumba kile ambacho Elias alizoea kukaa peke yake na sauti ya feni kikawa kama ngoma ya kijiji.

"Huyu tulikuwa naye kwa marehemu Ngosha. Ndiye aliyechinja."

"Andika na mimi. Kwa mama wa yule kinyozi, mvua ilitunyeshea wote, huyu akanipa koti."

"Nani asiyemjua huyu? Hana hela, lakini kila kaburi la Igogo amelichimba."

Elias aliandika. Mtambo mpya ulikuwa mwepesi, ulimeza majina bila kusita. Alijifunza mambo ambayo mtambo wa zamani haukumwambia kamwe: nani hulia kwa sauti na nani hukaa na wafiwa mpaka siku ya kuanua matanga, nani huleta kuni bila kuitwa. Walisimuliana hayo juu ya kichwa chake. Kwake walisema neno moja tu, "Andika."

Truphosa alikuja akiwa na kitambaa cheusi. Elias alikuwa hajampa pole. Kila alipotaka kwenda aliona muda umepita. Sasa alijaribu, vidole vikiwa juu ya vitufe.

"Pole na msiba, shemeji."

"Asante. Mashahidi wangu ni Mama Justa na mke wako. Andika."

Akaandika. Alitaka kuongeza neno, lakini anayefuata alikuwa amekwisha kuvuta kiti.

Kila jioni Bibi Kija aliuliza, "Wamekuja wengi?"

"Wengi, mama."

"Na sisi umetuandika?"

"Bado. Nawamaliza watu kwanza."

Evelina aliandikwa siku ya kwanza kabisa. Wanawake waligombea kumshuhudia, hadi Mama Justa akawaambia mtambo unataka wawili tu, si kwaya. Usiku ule Evelina alimwambia mumewe, kwa upole aliokuwa ameupanga, "Mwandike mama chini yangu."

"Mama yangu azikwe kwa jina la mke wangu? Watu watasemaje?"

"Watasema amezikwa."

"Nitapata mashahidi."

Kesho yake alimwendea Antoni, seremala wa chama, aliyetengeneza majeneza yote. Antoni alikuwa anapiga randa ubao wa mninga. Hakusimamisha kazi.

"Antoni, mwangaluka."

"Mwangaluka. Karibu."

"Nimekuja kwa ile habari ya mashahidi. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Vipimo vyote vya majeneza nilikuwa nakuletea mimi."

"Kweli uliniletea."

"Basi unishuhudie kwamba ulinion... kwamba nilikuwapo."

Antoni alipuliza vumbi la mbao. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimuumiza. "Kwenye msiba wa nani?"

Elias alifikiri. Alijua misiba yote kwa tarehe. "Kwa marehemu Ngosha."

"Nilikuona dirishani, tukipita na jeneza. Uliinua mkono."

"Hilo si linatosha?"

"Kaka, kama ningekuwa naandika mimi peke yangu, lingetosha. Lakini tumeambiwa tuseme kwa macho. Macho yangu yalikuona dirishani." Akarudi kwenye randa. "Usinichukie."

Aliwaendea wengine. Mmoja alisema yuko tayari kudanganya, akataka kitu kidogo, Elias akaondoka. Mwingine alimuuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani na wewe ni mwanachama? Nilidhani wewe ni mtu wa mashine." Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu lilisemwa bila ubaya. Alirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, akapita wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Waliongea na kucheka mpaka alipowafikia, wakamwamkia kwa heshima, wakaendelea alipopita. Hakuwahi kuhisi upweke namna ile hata siku alipokabidhi funguo za ushirika. Siku ile walitoka wengi.

*

Bibi Kija alikufa asubuhi, akinywa uji. Evelina alikuwa ameshika kikombe. Hakupiga kelele mara moja. Aliweka kikombe chini, akamfunga mkwewe kidevu kwa kitambaa, akamfumba macho, ndipo akaja chumba cha mbele.

Elias aliona uso wake, akajua. Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama yake mguu uliovimba, akalia kama wanaume wanavyolia, bila sauti na kwa mabega. Evelina alimwacha. Baadaye alimgusa bega.

"Nikitoka nje nikalia, watakuja kuuliza. Niwaambie msiba wa nani?"

Alimaanisha kile kile walichokuwa wakikizungukia. Elias alinyanyuka. Alienda kwenye mtambo, akafungua jina la Evelina, na kwenye nafasi ya wanaomtegemea akaandika: Kija, mama mkwe. Mtambo ukapokea bila swali. Kisha akauzima kwa utaratibu wake, hatua kwa hatua, akangoja mpaka feni iliposimama, akachomoa waya.

"Waambie ni wako," alisema.

Evelina akatoka uani akalia, na kabla sauti yake haijafika mwisho Mama Justa alikuwa ameingia na fungu la kuni kichwani. Truphosa aliruka mfereji na matanga yake mwenyewe bado mabichi, akamkumbatia. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Redio ya dukani ikanyamaza. Watu walijaa ua mzima hadi barabarani. Walimkumbatia Evelina, wakamwambia pole dada, pole mama, na walipompita Elias walimpa mkono kama anavyopewa ndugu wa mbali aliyekuja na basi.

Alisikia mtu akiuliza getini, "Msiba wa nani?" na mwingine akijibu, "Mkwe wa Evelina."

Walimzika Misungwi, kwenye shamba la pamba lililobaki magugu, kando ya mumewe. Lori lilijaa. Ardhi ilikuwa ngumu na vijana walibadilishana majembe. Elias aliwafuata akaomba jembe.

"Hapana, mfiwa hachimbi," walimwambia, na ilikuwa kweli, ndiyo desturi. Akarudi pembeni, akasimama na mikono yake. Lilipokuja suala la udongo alirusha konzi moja, ikalia juu ya mninga wa Antoni.

*

Matanga yalipoanuliwa, Antoni alibisha hodi kwenye chumba cha mbele. Alikuwa amevua kofia.

"Fungua jina lako," alisema.

"La nini?"

"Fungua tu. Andika shahidi wa kwanza ni mimi. Nimekuona kwa macho yangu, Misungwi, msiba wa Bibi Kija. Ulisimama upande wa miguu."

Elias alimtazama. "Huo ni msiba wa mama yangu mzazi, Antoni."

"Ni msiba wa chama. Mzee Josephat hakusema msiba usiwe wa nani." Alingoja mpaka alipoliona jina lake limetokea kwenye kioo, akaitikia kwa kichwa. "Wa pili mtafute mwenyewe. Mimi nina jeneza la mtu."

Akaondoka. Elias alibaki akiangalia mstari wake. Nafasi ya kwanza ilikuwa na jina. Ya pili ilikuwa tupu, na mtambo ukagoma kuhifadhi. Alijaribu tena ingawa sharti lile aliliweka yeye mwenyewe, ukamrudishia maneno yale yale. Angeweza kuliondoa. Ilikuwa amri ya mstari mmoja, na hakuna mtu Mwanza ambaye angejua. Vidole vilikaa juu ya vitufe kwa muda mrefu. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya, kitanda kimetandikwa.

Mlango ukagongwa tena. Alikuwa Mzee Josephat, anahema kutokana na kilima.

"Elias, tumepata msiba. Mvuvi mmoja kule chini mwaloni, kijana kabisa, ameacha mke. Tutolee orodha."

"Jina lake?"

Mzee alimtajia. Elias alilitafuta, akaliona: kijana mwenye mashahidi waliosema amechimba makaburi ya watu asiowajua. Alikumbuka sauti zao na si uso wake, ingawa alikuwa amekaa kwenye benchi lile, pale.

"Yumo," alisema. Akaanza kuuzima mtambo.

"Orodha je?"

"Nitaitoa jioni, Mzee. Ngoja kwanza."

Mstari wake haukuwa umehifadhiwa. Ulipotea pamoja na jina la Antoni. Elias aliuona ukipotea. Akachomoa waya, akauviringisha, akafunga mlango.

Huko mwaloni, ufukweni, wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo na mitumbwi iliyopinduliwa. Wakampisha bila kumwangalia. Hakuna aliyemtambua isipokuwa mmoja, aliyemuuliza kama ametumwa na chama kuleta vipimo.

"Hapana," Elias alisema. "Nimekuja."

Kando ya jiko la wanawake kulikuwa na gogo na shoka limechomekwa juu yake, na Evelina alikuwa pale amechutama akipuliza moto, akainua macho akamwona mumewe. Elias alivua koti, akaling'oa shoka, akaanza kupasua. Kuni zilikuwa mbichi.